Viatu vya Mama Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Manispaa wameamua kuchora historia ya wahamiaji kwenye ukuta wa duka langu la ushonaji. Kaja mchoraji, kijana mwenye miwani mikubwa kuliko uso — nimembatiza Miwani. Anasema ukuta "utazungumza". Miaka ishirini umenyamaza, umepungukiwa nini? Hata hivyo nimemwazima picha ya marehemu mama, ile aliyopiga studio siku alipofika mjini. Viatu vyeusi vya visigino, mkoba, kidevu juu. Nimemwambia aitunze kama mboni ya jicho lake.

Alhamisi, 6 Machi

Naja kufungua duka, namkuta mama ukutani — pekupeku! Furushi kichwani, vumbi hadi magotini. Uso ni wake hasa, lakini miguu ya nani? Miwani anasema hiyo ndiyo safari ya uhamiaji, wapita njia waielewe. Kumbe mhamiaji akivaa viatu haeleweki. Nikampa vidonge vyake mbele ya mtaa mzima: mama yangu hakuja hapa kuombaomba, picha unayo, macho unayo, na miwani juu yake. Muuza magazeti alicheka mpaka akakaa chini. Nimesema bila viatu hakuna uzinduzi kwenye ukuta wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Viatu vimepakwa. Furushi limegeuka mkoba. Afisa wa manispaa kanuna, eti picha imepoteza ujumbe. Ujumbe aubebe yeye kichwani, pekupeku.

Jumamosi, 8 Machi

Uzinduzi ni saa kumi. Mama mdogo kaja mapema, maana ndiye aliyesafiri na mama, akiwa bado mtoto. Kasimama mbele ya ukuta. Nikangoja asifu. Akacheka kidogo. Akasema viatu vile vilikuwa vya studio, mkoba nao. Walivivaa kwa zamu, yeye vikampwaya. Wakatoka pale pekupeku kama walivyoingia. Njia nzima ya kuja mjini dada yake alimbeba mgongoni, furushi kichwani.

"Na hakuona aibu hata siku moja," akasema. "Wewe aibu hiyo umeitoa wapi, mwanangu?"

Miwani alikuwa kando yetu, kasikia yote.

Saa tisa na nusu. Nimejifungia dukani, naandika nyuma ya daftari la vipimo. Viti vinapangwa nje. Miwani anagonga mlango taratibu, namwona dirishani, brashi mkononi.

"Fundi," anauliza, "tumwache hivi, au tumvue?"