Ndege Niliyoizuia

Uwanja wa Ndege, Musoma

Mke wangu Mama Adolfu,

Nakusalimu wewe na watoto na wote wanaolala chini ya paa letu. Je, baridi ya huko Mbinga imekwishaanza? Kifua cha mama kimepoa, au bado anakohoa alfajiri? Na yule mdogo, meno yameota? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi. Mengine utayasoma humu.

Barua yako ilifika, na nilipoona mwandiko ni wako mwenyewe niliitazama muda mrefu kabla sijaisoma. Kumbe lile darasa la watu wazima limekufikisha huku! Zamani nilipokuandikia nilijua katekista atakusomea kwa sauti na majirani wamekaa wanasikiliza, kwa hiyo nilikuwa naandika habari za mvua na za foleni ya sukari. Leo najua ni macho yako peke yake. Umeuliza kwa nini nimenyamaza tangu masika, na kwa nini sikuja kipaimara cha Adolfu. Nitakueleza, ila usikae karibu na watoto ukisoma.

Ndege yetu unaijua kwa kusikia tu. Ni ndogo, ya injini moja. Inampeleka daktari, nesi na dawa kwenye vijiji vya kandokando ya ziwa, na inarudi na wagonjwa. Mimi ni fundi wa vile vipimo vilivyo mbele ya rubani. Anga ikiwa wazi, rubani anatazama nje: ziwa lile pale, barabara ya Bunda ile pale, vilima vya Butiama vile pale. Akiingia ndani ya mawingu haoni hata ncha ya bawa lake. Hapo anabaki na vipimo, na vipimo vikimdanganya ataelekea katikati ya ziwa akidhani anarudi nyumbani. Na ziwa hili si kama Nyasa letu, ambalo siku njema unaiona milima ya ng'ambo. Hili ukilitazama kutoka Mwigobero, kule wanakouza dagaa, ni maji tu mpaka mbingu inapoanzia.

Vipimo viwili vilikuwa vimechoka. Kimoja ni cha kushika mwelekeo. Ndani yake kuna gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi juu ya gololi ndogo kama punje za ulezi. Gololi zikilika, gurudumu linayumba, na kipimo kinaondoka kwenye mwelekeo polepole bila mtu kutambua. Cha pili ni mshale unaofuata redio ya uwanja, na huo ulikuwa unakwama. Zamani tulivipeleka Nairobi vikarudi kama vipya. Tangu Jumuiya ivunjike na mpaka ufungwe, Nairobi imekuwa mbali kuliko Ulaya.

Tukakaa kikao, watu wanne: mimi, mkuu wetu wa huduma, Daktari Elineema na rubani wetu, Magesa. Huyu Magesa ni Mjita, mzaliwa wa vijiji vile vya rasi, mbele ya Suguti. Serikali ilimpeleka nje akasomea urubani, akarudi vilevile alivyokwenda, mcheshi na hana majivuno. Alikuwa akija chumbani kwangu kila Jumapili na samaki, ningu akiwapata, furu akikosa. Ananipikia mwenyewe kwa sababu anasema mimi nawaharibu.

Mkuu aliniuliza, "Ndugu Gervas, vinatengenezeka au havitengenezeki?"

Nikasema, "Vinatengenezeka. Kuna ndege mbovu nyuma ya banda, naweza kutoa gololi zake nikaziweka humu. Lakini hizo nazo zimetumika, na hapa sina mashine ya kuvijaribia. Nikimaliza vitafanya kazi. Kama nitaviamini, hilo ni jambo jingine."

"Vipya ni fedha za kigeni," mkuu akasema. "Tutaomba, lakini tutangoja."

Daktari Elineema akauliza, "Na wagonjwa wangoje wapi?"

Wote tulikuwa tunasema kweli, ila kweli zenyewe hazikukaa pamoja. Mwishowe tukakubaliana hivi: vipya viagizwe, vya zamani nivitengeneze, na mpaka vipya vifike ndege iruke siku za anga wazi tu. Wa kusema anga iko wazi tulikuwa wawili, Magesa na mimi. Mmoja wetu akikataa, ndege hairuki. Magesa alinipa mkono, akasema, "Fundi, sasa wewe ndiye mke wangu. Nisipoaga kwako siendi popote." Tukacheka.

Nilivitengeneza. Niliosha kila kitu kwa petroli safi, nikahamisha gololi, nikavirudisha. Wiki zikapita, ndege ikaenda na kurudi. Magesa akaanza kunisifu mjini kwamba nimewashinda mafundi wa Nairobi, na sifa hizo ziliniogopesha.

Basi masika yakaja. Asubuhi moja zahanati ya kule kwenye rasi ikapiga simu ya redio. Kuna mama ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, anahitaji kupasuliwa. Wakataja jina, Nyangeta. Ni mdogo wake Magesa, anayemfuata, wamenyonya ziwa moja. Uzazi wa kwanza.

Alikuja bandani akikimbia. "Fundi, fungua mlango tutoe ndege."

Mawingu yalikuwa yameshuka yakagusa maji. Hata mitumbwi ya pale Mwigobero ilikuwa haionekani. Nikamwambia, "Magesa, tazama nje."

"Nimetazama. Si ulivitengeneza mwenyewe? Wiki zote hizi vilinidanganyaga lini?"

"Wiki zote hizi ulikuwa unaona ardhi. Vikikosea unarekebisha kwa macho bila kujua."

"Kwetu naendaga hata nikifumba macho!"

"Kwa miguu," nikamjibu.

Neno hilo lilinitoka tu, na mpaka leo nalisikia. Alisimama akanitazama. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Angekuwa mkeo?"

Mama Adolfu, kwako nasema kweli. Ungekuwa wewe ningemsukuma aingie ndani ya mawingu hayohayo, na mimi nikae pembeni yake. Lakini hilo halikuwa na uwezo wa kubadilisha zile gololi. Ndani ya ndege wangekuwa yeye, daktari na nesi, na kurudi wangekuwa na Nyangeta. Nikasema, "Hapana, Magesa. Nimekataa."

Angeweza kunisukuma, maana mimi si mtu wa nguvu. Badala yake alivua kofia yake akaiweka juu ya meza yangu, akaenda kumtafuta daktari. Wakachukua Landrova ya hospitali wakaelekea Suguti.

Nilibaki pale. Saa nane hivi upepo ukageuka, mawingu yakapasuka, na kabla ya alasiri anga yote ilikuwa wazi, bluu, kama imefuliwa. Unaona mpaka mwisho wa rasi. Niliitoa ndege nje kwa mikono, nikisaidiwa na mlinzi, nikajaza mafuta, nikafuta kioo. Kisha nikasimama kando yake. Rubani hakuwepo. Nilimwambia mlinzi apige simu polisi, apige popote, wamrudishe Magesa. Barabarani hakuna simu. Hali ya kusimama karibu na ndege nzima, chini ya anga safi, bila mtu wa kuirusha, siwezi kukueleza.

Yaliyotokea Suguti nilisimuliwa na daktari. Mto ulikuwa umefurika, daraja limefunikwa. Ndugu zake walikuwa wamembeba Nyangeta kwa kitanda kutoka kijijini, wakafika ng'ambo. Magesa na daktari wakawa upande huu. Vijana walijaribu kupita na kamba, maji yakawarudisha, mmoja nusura achukuliwe. Daktari akawa anapiga kelele kuwaelekeza wanawake wa ng'ambo la kufanya, na maji yanameza sauti. Magesa alimwita dada yake kwa jina, naye alinyanyua mkono. Alifariki jua likiwa bado juu, kabla maji hayajapungua. Mtoto hakutoka.

Nilikwenda msibani. Mkuu alinishauri nisiende, nikaenda, kwa lori la pamba hadi Nyamuswa, na kutoka hapo kwa kuungaunga. Nilipofika watu walinipisha njia. Mama yake Magesa, bibi mwembamba aliyenyolewa nywele, aliketi chini akaniita kwa kidole.

"Ndiye wewe ulikataa ndege?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ungeiacha iende, ningezika watoto wangu wawili?"

Wote walikuwa wakisikiliza. Ningeweza kusema ndiyo, na labda ingemsaidia. Nikasema, "Sijui, mama."

Alinitazama sana. Halafu akamwambia binti mmoja pale, "Mletee maji anawe, ale." Nikanawa. Nikala ugali wake wa muhogo. Magesa alikuwa ameketi na wanaume upande wa pili. Hakuja, wala hakuondoka.

Swali la yule mama lilirudi nami Musoma. Nilivitoa vile vipimo kwenye ndege, nikafunga kile cha mwelekeo juu ya meza, nikakizungusha kwa pampu, maana mashine ya kujaribia sikuwa nayo. Kikashika mwelekeo mchana wote bila kuyumba. Nilikaa chini sakafuni, nikasema basi, nimemuua. Kesho yake nikakizungusha tena, vilevile, meza ileile. Kabla chai yangu haijapoa kilikuwa kimehama kiasi cha kumtupa mtu katikati ya ziwa. Siku ya tatu kikawa kizima tena. Nikakifunika kwa kitambaa, nisikione.

Nilimwambia Magesa, maana sikuweza kula chumvi moja naye na kumficha. Alisikiliza mpaka mwisho. "Na siku ile kingekuwa kipi, kizima au kibovu?"

"Sijui."

"Basi usiniambiege tena habari hiyo." Na Jumapili zote zilizofuata hakuja na samaki. Alinisalimu, alifanya kazi yake, akaenda zake. Kipaimara cha Adolfu kiliangukia hapo. Sikuwa na uso wa kuomba ruhusa, wala wa kuja kukaa kanisani nimevaa shati jeupe watu wakinipongeza.

Vipimo vipya vimefika mwezi huu, ndani ya sanduku la mbao, vinanukia mafuta. Nilivifunga mwenyewe. Utaratibu ni kwamba vikifungwa vijaribiwe angani, na fundi akae ndani. Magesa alisema tu, "Panda."

Tulikwenda Butiama, tukageuka Bunda, tukaona mashamba ya pamba na kiwanda cha kuchambulia, halafu akaielekeza ziwani. Kulikuwa na wingu kubwa jeupe. Aliingia ndani yake kwa makusudi. Pande zote pakawa kama ndani ya maziwa. Alikuwa hatazami nje, anatazama vipimo, na mimi namtazama yeye. Mwelekeo ulishikwa, mshale ukasimama imara. Tulipotoka, chini yetu kulikuwa na rasi, na pale mto ule wa Suguti unapoingia ziwani akalaza bawa, akazunguka mara moja, akarudi Musoma.

Alipozima injini hakushuka. Akasema, "Vizuri sana hivi, Fundi."

"Namshukuru Mungu."

"Sasa wataniitaga tena kule, na nitaenda. Nitabeba wake za watu mpaka hospitali, watajifungua, watanishukuru." Alikuwa bado ameshika usukani. "Na kila mmoja nitakayemfikisha mzima, nitamchukia kidogo kwanza. Niambie ukweli, wewe umri umekwenda. Hiyo huishaga?"

Nilikaa tu naye mle ndani mpaka vioo vikapata joto la jua. Ndipo akashuka. Akanisubiri chini nishuke, akafunga mlango, na tukatembea pamoja hadi bandani. Hilo ndilo lililokuwepo, na kwangu ni kubwa.

Sasa umejua. Likizo nimeomba, naingoja. Nikija, usinipokee kama mtu aliyekosea wala kama mtu aliyefanya vema, maana lolote kati ya hayo litanikwaza. Nipe jembe nikalime kahawa na watu wengine.

Nisalimie mama, mwambie asikae na moshi. Kaka yako anayetuangalizia shamba, mpe mkono wangu. Salamu kwa baba mdogo anayechunga mbuzi zetu, na kwa mama mlezi wa ubatizo wa Adolfu, aliyesimama mahali pangu siku ya kipaimara. Adolfu mwenyewe mwambie baba yake anajivunia yeye, na zawadi yake ipo, haijapata mtu wa kuileta. Wadogo wabusu.

Nami naomba jambo moja. Magesa ameuliza, mimi nimeshindwa kumjibu. Wewe ulizika mtoto wetu wa kwanza mimi nikiwa masomoni, na sikuwahi kukuuliza ilikuwaje kwako baadaye, ulipowaona wenzako wakinyonyesha. Niandikie. Hata kama jibu ni baya, niandikie.

Ni mimi mumeo,
Gervas, Baba Adolfu