Gundi Nyekundu kwenye Turbo ya Mzee Sadi

Gatsata, Kigali
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa barazani kwa mwenye nyumba, chai pembeni, miguu nimeinyoosha. Mimi ni mzima kabisa, ila vidole vina michubuko kama kawaida yake. Goti lako linasemaje? Na kikohozi cha baba kimekwisha, au bado anakudanganya kwamba ni vumbi tu? Barua hii nampa dereva wa lori atakayepita Nzega Jumanne, kwa sababu simu yako hukatika kila ninapofika kwenye utamu wa habari. Na wiki hii habari ni tamu, ingawa katikati ilikaribia kunitoa machozi.

Kuna mteja wetu hapa gereji, Mzee Sadi, fundi cherehani wa Nyamirambo, Mwislamu mpole anayeongea Kiswahili kama watu wa kwetu. Hukodisha nguo za harusi, naye huzipeleka mwenyewe kwa kibasi chake cha dizeli cha zamani, alichokitoa viti vya nyuma na kukitundikia vyuma vya nguo. Kibasi hicho nakijua. Kabla ya mvua za masika nilikifungia bomba la kurudisha oili lililokuwa likivuja.

Alhamisi asubuhi nilikisikia kabla sijakiona. Kilikuwa kinapanda kutoka Nyabugogo huku kikipiga mluzi, moshi mweusi nyuma, na mama mmoja mwenye beseni la parachichi kichwani akakipita kwa miguu. Mzee Sadi akashuka jasho likimtiririka.

"Binti yangu, keshokutwa nina harusi Gicumbi. Bibi harusi na wasimamizi wake wote nguo zao ziko kwangu. Na mlima wa Gicumbi unaujua."

Mama, turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini, na kazi yake ni kusukuma hewa ndani ili dizeli iungue vizuri. Hewa ikipungua, gari hukosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Nikaufuata ule mluzi kwa sikio na mkono, nikakuta mpira wa hewa umepasuka chini ya klipu yake. Nikaweka mwingine. Mluzi ukakoma, nguvu zikarudi, nikaanza kujisifu kimoyomoyo.

Basi injini ilipopata moto vizuri, ukatoka moshi mwingine, wa rangi ya bluu. Huo ni wa oili inayoungua. Bosi wangu, Faustini, Mnyarwanda mnene mwenye sauti ya radi, akaja akatazama.

"Iyi turbo imekufa. Iko nakula mafuta. Tutafuta ingine."

"Itapatikana lini?" Mzee Sadi akauliza.

"Wiki ijayo, labda."

Mzee Sadi alikaa juu ya tairi kuukuu, akashika kichwa.

Nikaomba niifungue kwanza. Ijumaa asubuhi ilikuwa mezani kwangu. Nikaishika shafti, mhimili wa ile feni, na kuivuta mbele na nyuma: haichezi. Nikaizungusha: laini, mapanga yake hayagusi popote. Turbo nzima kabisa! Sasa oili inapitia wapi? Nikageuza upande wa chini, penye tundu la bomba linalorudisha oili kwenye injini. Tundu lilikuwa limekaribia kuzibwa lote na gundi ya gasketi, ile ya kuziba maungio. Oili ikiingia haina pa kutokea, kwa hiyo ilikuwa inapenya kwenye sili zinazoizuia na kuungua.

Gundi yenyewe nyekundu. Gereji nzima hutumia nyeusi, Mama. Nyekundu ni mimi peke yangu, ile tyubu niliyotoka nayo Nzega. Nilipofunga lile bomba niliipaka kama siagi kwenye mkate, ikaminyikia ndani ikaganda.

Sikufichi, nilitazama huku na huku. Ningeikwangua kwa bisibisi, nikafunga, nikasema turbo ilikuwa chafu tu, na wangenipigia makofi. Faustini ndiye aliyebishana na wenzake ili mwanamke apewe meza katika gereji hii. Lakini yule mzee alikuwa amekaa palepale, ananitazama kama mtu anayesubiri daktari atoke chumbani. Nikawaita wote wawili.

"Turbo ni nzima," nikasema. "Kosa ni langu. Hii gundi niliweka mimi."

Faustini alichukua kipande cha gundi, akakigeuza, akasema "Mana yanjye!", yaani Mungu wangu. Mzee Sadi ndiye aliyeanza kucheka.

"Binti, mimi nilimshonea bwana harusi koti, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Unajua nilimwambiaje? Kwamba bega lake moja limeshuka. Mpaka leo anatembea ameliinua!"

Faustini akacheka hadi akaegemea kibasi. Kisha akanyoosha kidole: "Wewe, utafunga mbele yangu. Bila gundi."

Nikasafisha tundu na bomba lote, nikakata gasketi ya karatasi, nikamwaga oili safi ndani ya turbo ili isiwake ikiwa kavu. Faustini alitazama kila boliti. Tulipowasha, moshi wa bluu ulitoka kidogo, oili iliyobaki kwenye ekzosti, halafu ukakoma.

Jumamosi Mzee Sadi hakukubali kuondoka bila mimi. Tulipanda mlima wa Gicumbi na mishanana, mavazi ya harusi ya huku, ikiyumba nyuma yetu, mimi nimetega sikio kila kona, yeye anaimba. Tulifika tumechelewa. Mashangazi wa bibi harusi wakatuzingira, wanapiga milango, "Vuba, vuba!", yaani upesi. Mzee akashika ufunguo. Nikamwambia asizime injini bado, turbo ina moto, oili iendelee kupita dakika mbili.

Akaachia ufunguo, akashusha kioo na kuwaambia kwa utulivu: "Chukueni nguo. Mimi sitoki hapa. Fundi wangu hajaniruhusu kuzima."

Mashangazi wakanigeukia wote, mimi na ovaroli langu. Nikaziacha dakika mbili zipite, ndefu kweli, kisha nikasema, "Sasa zima."

Nisalimie baba, na shangazi anayekuchua goti. Mdogo wangu Kulwa mwambie asome, na bibi mpe mkono wangu kwa mikono yako miwili. Majirani wa kisimani nao usiwasahau.

Nakukumbatia, Mama, mikono nimeshanawa.

Binti yako,
Nyamizi