Mama Anafagia Chumba

Pilipili wangu wa Bwera,

Jua ya Kasese inachoma hata kwa kivuli! Wewe ulikataa kuja, basi leo nimezunguka peke yangu kwa zile nyumba za zamani za reli, na ramani nilijichorea mwenyewe kwa simu. Tangu asubuhi hakuna mutu ameniita jina. Nikasimama naangalia nyumba moja, mulango ikafunguka, mama mzee akatoka mbio:

"Mutoto, unatafuta chumba ya kupanga? Iko!"

Mutu wa kutembea akiangalia kuta tu, hapa hawamujui! Nikafungua mudomo nieleze, akanikalisha mbele ya bundu, ile ugali ya muhogo, ya moto, na mboga ya sombe. "Kula kwanza, umekonda kama spoku ya baiskeli!" Anasema tangu bwana yake afariki, anakula akiongea na sufuria. Sasa anafagia hiyo chumba, anaimba, na mimi kesho naenda Fort Portal, tikiti nimeshakata. Bado sijamwambia. Ameniita mutoto, Pilipili, nikaomba sahani ingine.

Nisalimie mama yako, na ulale vizuri. Ungekuwa mimi, ungemwambia sasa, ao ungengoja amalize kufagia?