Habari za Ng'ombe, Kutoka Mlangoni

Dada Nasambu,

Hapa Buruburu tu wazima. Katika darasa la tiba ya nyuklia vijana bado wananiita Babu. Jana tuliigiza kumhudumia mgonjwa aliyemeza dawa ya mionzi. Mimi nikamshika mkono, nikamuuliza habari za ng'ombe.

"Mzee, rudi nyuma!" mwalimu akafoka. "Mwili wake unatoa mionzi!"

Wakacheka. Kisha nikaliona jina lako kwenye orodha ya hospitali yetu ya wagonjwa wa saratani ya tezi ya shingo watakaomeza dawa hiyo. Nikajifanya natafuta miwani.

Wiki mbili kabla ya kuja, acha chumvi ya dukani; ina madini ya iodini yanayoizuia dawa kufanya kazi.

Nami nikikuwekea chakula mlangoni pa chumba utakachotengwa nikarudi nyuma, usidhani nakukimbia. Nitakuwa hapo nje, unipe habari za ng'ombe.

Mdogo wako,
Wanyonyi