Nafasi ya Tisa

Holcott, Nebraska
Jumapili jioni, mwezi wa tisa

Mdogo wangu mpendwa Marlys,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Gene, na kwamba lile joto la Tucson limeanza kuwaonea huruma. Kiuno cha Gene kinaendeleaje? Mwambie aache ukaidi, avae ule mkanda wa daktari; hakuna atakayemwona ndani ya shati. Mimi huku sijambo. Mahindi yamekauka yakisubiri mashine, na upepo ukivuma nayasikia yakichakarika hadi jikoni. Nyanya zimezaa kupita kiasi. Nimezihifadhi kwenye chupa mpaka chupa zikaniishia, na sijui ni nani atazila.

Juzi uliniuliza kwenye simu kwa nini niliacha kazi ya mwamuzi wa mechi katikati ya kiangazi, na mimi nikageuza maneno nikakuuliza habari za paka. Nisamehe. Ni jambo refu, na kwenye simu sauti yangu hunisaliti. Kwenye karatasi naweza kusimama na kuendelea.

Lyle aliponiacha mjane Novemba, ligi yetu ya softiboli ya wasichana ilibaki bila mwamuzi wa nyuma ya mpigaji. Unajua tulivyokuwa tukifanya: yeye alisimama pale nyuma kwenye kituo cha nyumbani, akihukumu kila mpira unaorushwa, na mimi nilikuwa uwanjani nikiangalia wakimbiaji kwenye vituo vingine. Miaka yote ile tulisemezana kwa vidole tu, na tulielewana kuliko tulivyoelewana mezani. Machi, Merle Dostal, mwenyekiti, aliniomba nichukue nafasi ya Lyle. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Barakoa yake ya chuma ilikuwa kubwa kwangu. Nikaziba pengo kwa kipande cha sponji.

Mwezi huohuo tulikuwa na mkutano wa kanuni kwenye ukumbi wa zimamoto. Unajua vitabu vya kanuni za softiboli vinatoka mbali, lakini kila ligi ina zake za nyumbani, na zetu nyingi aliziandika Lyle. Siku hiyo kocha wetu wa Holcott, kijana Trent Vavra, alisimama akataka kanuni moja ifutwe. Ni ile inayosema kwamba timu ikija na wasichana wanane badala ya tisa itacheza, lakini ile nafasi ya tisa katika zamu za kupiga itahesabiwa nje, kama mpigaji aliyekosa, kila inapofika. Trent alisema miji yetu inapungua watu, shule zinaunganishwa, na si haki kumwadhibu mtoto kwa sababu jirani yake amehama.

Nilisimama nikampinga. Nilisimulia jinsi Lyle alivyoiandika baada ya kocha mmoja wa zamani kuwaambia wasichana dhaifu wabaki nyumbani siku za mechi kubwa, ili wenye nguvu warudiwe na zamu upesi. Kanuni ile ilimfanya kila kocha amhitaji hata mtoto asiyejua kushika gongo. Watu walitikisa vichwa kukubali, kura zikapigwa, kanuni ikabaki. Lakini nitakwambia ukweli, Marlys: nilisema mengi siku ile kwa sababu nilipenda kusikia maneno ya Lyle yakisemwa ndani ya chumba chenye watu. Nilirudi nyumbani nimechangamka, nikafungua mlango wa jikoni, nikawa sina wa kumwambia kwamba tumeshinda.

Sasa nikueleze kuhusu Linnea. Ana miaka kumi na mmoja, mwembamba, nywele zake nyeupe kama hariri ya hindi changa, na alikuwa mchezaji wa tisa wa Holcott. Mama yake, Gretchen, anawahudumia wazee kwenye ile nyumba ya wazee ya kaunti. Baba yake aliondoka wakati wa baridi na hajaandika. Mtoto yule hakuwahi kuugusa mpira kwa gongo. Hata mara moja. Alisimama pale mbele yangu, akapiga hewa, akarudi benchi. Lakini alikuja kila mechi, shati limepigwa pasi.

Katikati ya Juni alikosa tena, akawa anarudi benchi. Mrushaji wao hodari, Kinsley, binti wa mwenye duka la matairi, alikuwa anasubiri zamu yake karibu nami. Akamwambia bila hata kumtazama, “Wewe uwepo usiwepo, ni nje tu.” Wenzake wawili wakacheka. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka pale, nimevaa barakoa, na nilisikia kila neno. Kanuni zetu zinakataza kuwakejeli wapinzani. Kuhusu kumkejeli mwenzako hazisemi kitu. Nikafuta vumbi kwenye kituo cha nyumbani, nikaita mpigaji anayefuata.

Linnea hakuja mechi iliyofuata, wala ile baada yake. Trent alisema amempigia mama yake na kuambiwa mtoto hana wa kumleta, maana Gretchen yuko zamu za jioni na nyumba yao iko mbali kwenye barabara ya kokoto. Basi Holcott wakawa wanane. Kila nafasi ya tisa ilipofika ilinibidi nisimame nyuma ya mahali pasipo na mtu, niinue ngumi, niseme “Nje!” Mwanzoni watu walicheka. Baadaye hawakucheka.

Nusu fainali ilichezwa hapa kwetu, dhidi ya Orrin. Ngwe ya mwisho, Holcott wako nyuma kwa alama moja, wawili wameshatoka na wa tatu akitoka mechi imekwisha, na Kinsley amesimama kituo cha tatu, anahitaji kukimbia hadi kituo cha nyumbani tu wawe sawa. Uwanja mzima umesimama. Ndipo nikatazama karatasi ya zamu, nikaona nafasi inayofuata ni ya tisa.

Trent alikuja mpaka kwangu, kofia mkononi. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Mama Hruska, iruke tu hiyo nafasi. Orrin wenyewe hawatasema kitu, nimewauliza.” Nikamtazama kocha wa Orrin, na kweli alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimwambia Trent siwezi. Timu nyingine tatu zilikuwa zimekubali adhabu hiyohiyo msimu huu bila kubembeleza. Akasema, “Basi sema. Sema wakusikie.”

Nikasema. Nikainua mkono mbele ya kisanduku kitupu cha mpigaji, nikasema nje, na mechi ikaisha bila mpira kurushwa. Wasichana wa Orrin hawakujua kama washangilie. Kinsley alibaki kituo cha tatu, mikono kiunoni, kama vile hajasikia. Nyuma ya wavu baba mmoja alipiga kelele, “Mwamuzi, hiyo barakoa umeivaa kinyume nini?” na mwingine akajibu, “Mwache, anamfuata marehemu!” Watu wakamnyamazisha, lakini lilikuwa limeshatoka.

Nilikaa kwenye gari mpaka uwanja ukawa mtupu. Sikuwa na hasira na yule aliyemtaja marehemu. Nilikuwa nafikiria kwamba Lyle aliandika kanuni ile ili mtoto dhaifu asiachwe nyumbani, na mtoto dhaifu yuko nyumbani, na mimi nilisimama pale alipofukuzwa nikafuta vumbi.

Kesho yake niliendesha hadi kwao. Gretchen alikuwa kazini. Linnea alikuwa nyuma ya nyumba, anarusha mpira kwenye ukuta wa ghala la bati na kuudaka ukirudi, peke yake, na ule mlio ulisikika tangu barabarani. Aliponiona akasimama wima kama yuko mechini. Akaniuliza, “Bibi Hruska, nimefanya kosa?” Nikamwambia hapana. Tukakaa kwenye ngazi za nyuma. Akaniuliza kama ni kweli, kwa kanuni, kwamba akiwepo au asipokuwepo ni sawasawa.

Nilimjibu kama mwamuzi, Marlys, kwa sababu hilo ndilo aliloniuliza. Nikamwambia si sawasawa. Nafasi tupu hairushiwi mpira hata mmoja. Yeye akiwepo, mrushaji lazima arushe, mdakaji lazima adake, na wote tisa wa upande wa pili lazima wamngojee. Alifikiri sana. Akasema, “Hata Kinsley?” Nikasema hata Kinsley, kama angekuwa upande ule. Akacheka kidogo. Kisha akasema Jumamosi kuna mechi ya nafasi ya tatu, lakini hana wa kumpeleka.

Unaijua kanuni nyingine ya Lyle: mwamuzi asiwe na mchezaji wake katika timu anayoiamulia, asimbebe garini, asimnunulie hata soda. Nilikuwa nimeitetea hiyo pia. Kwa hiyo jioni ile, baada ya kumpata Gretchen kwa simu na kupata ruhusa yake, nilimpigia Merle nikamwambia ninaacha. Alishtuka. “Verlene, hata Lyle hakuwahi kutuacha siku mbili kabla ya mechi! Nimtoe wapi mtu?” Nikamwambia ni magoti. Akasema magoti yangu yalikuwa mazima juzi. Nikamwambia basi yameharibika jana.

Jumamosi nikamchukua Linnea. Kwa mara ya kwanza tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi nilikaa upande wa watazamaji, kwenye mbao, na hakuna aliyekaa karibu nami. Aliyeamua mechi ni kijana wa chuo, mpwa wa Merle, sauti yake nyembamba lakini macho mazuri. Mara mbili Linnea alipiga hewa kama kawaida yake. Mara ya tatu, Marlys, aliugusa. Nilisikia ule mlio mdogo, kama mtu anagonga mlango kwa kucha. Mpira ukabingirika polepole hadi kwa mrushaji, na Linnea akasimama akiutazama mpaka nikapiga kelele, mimi, “Kimbia, mama, kimbia!” Akakimbia. Mpira ulimtangulia kituo cha kwanza. Yule kijana akainua ngumi akasema nje, na ilikuwa nje halali, ningesema hivyohivyo.

Alirudi benchi akiwa mwekundu mpaka masikioni. Kinsley alikuwa amekaa, begi lake liko pembeni yake. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alisema, “Umeugusa.” Linnea akasema, “Nimeugusa.” Kinsley akaliondoa begi, akaliweka chini. Hayo ndiyo yote waliyosemezana. Tulishindwa vibaya siku ile, na hakuna aliyelia.

Baada ya hapo nilimchukua kila Alhamisi. Tulikula runza, ile mikate yenye nyama na kabichi ndani, kwenye gari, tukaenda uwanjani, nikamrushia mpaka bega likawaka moto. Anaongea yule mtoto! Kuhusu kuku, kuhusu sayari, kuhusu mwalimu wake mwenye meno ya bandia. Siku nyingine Gretchen alinikaribisha chakula, na tulikaa watatu, na nilipoaga niliona nimesahau kutazama saa.

Mwishoni mwa Agosti walihama. Gretchen ana dada Dakota Kusini, amempatia kazi ya mchana. Nilifurahi kwa ajili yao na nilisaidia kufunga vyombo kwenye magazeti. Linnea alinikumbatia kiunoni kwa nguvu, akapanda gari, na vumbi la kokoto lilibaki hewani muda mrefu. Alhamisi iliyofuata niliwasha gari nikaendesha hadi njia panda kabla sijakumbuka.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niketi kuandika. Majira yote ya baridi, ulipokuwa ukinipigia, nilikwambia nyumba haikauki wageni, kwamba akina mama wa kanisa wanakuja, kwamba leo ilikuwa zamu ya Darlis na kesho ya Opal. Si kweli. Walikuja mpaka Krismasi, wakaleta vyakula, wakachukua vyombo vyao. Hawana kosa, kila nilipoulizwa nilisema niko sawa, na nililisema vizuri, wakaniamini. Hata wewe uliniamini. Ulikuwa unacheka upande wa pili wa simu, unaniambia nisijichoshe na wageni, na mimi nimesimama jikoni na koti mwilini kwa sababu sikuona maana ya kuwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja.

Mimi ndiye dada mkubwa. Mama alipofariki nilikusuka nywele mimi, na tangu siku hizo nadhani nilijiambia kwamba wewe ndiye wa kuhitaji na mimi ndiye wa kutoa. Sijawahi kukuomba kitu, na ona, hata kwenye karatasi nimezunguka kurasa zote hizi kabla ya kulifikia. Niko peke yangu, Marlys. Ni vibaya kuliko nilivyodhani ingekuwa. Njoo. Si kwa mazishi wala kwa harusi, njoo tu. Gene anaweza kubaki na kiuno chake au aje nacho. Kaa wiki, kaa mwezi, lala kile chumba cha mashariki chenye jua la asubuhi, tugombane kuhusu chumvi kwenye supu.

Wasalimie Gene na wanao wote, na yule mjukuu mpya mbusu kwenye nyayo. Jirani yenu wa Kicheki mwambie Kicheki changu kimeoza lakini namsalimia hivyohivyo. Usinijibu kwa barua. Nipigie uniambie basi linafika saa ngapi, nami nitakuwa nimesimama pale kituoni.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Verlene