Pampu Iliyofungwa kwa Mwiko

Rumonge, Jumapili jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Leo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana nikitanguliza habari nyingine nitaona haya na nitaliacha. Pampu ya mafuta ya gari la Shangazi Mwajuma haikufungwa na fundi. Nimeifunga mimi.

Haya, sasa napumua. Goti lako linaendeleaje? Huko Kigoma mvua zimeanza? Sisi hapa ni wazima, na Shangazi anakusalimu kila akikumbuka mchuzi wako.

Gari lenyewe unalijua, lile jeupe aliloachiwa na marehemu mume wake. Ndilo linalotulisha. Asubuhi Shangazi huenda nalo Magara kununua ndagala, dagaa wa huku, akirudi anauza sokoni, na siku nyingine hubeba madumu ya mawese ya watu. Juzijuzi lilimzimikia njiani, likavutwa kwa kamba mpaka nyumbani. Fundi akasema pampu imekufa, ile inayokaa ndani ya tangi. Shangazi akaagiza nyingine Bujumbura, ikaja na basi, ikakaa juu ya kabati. Kumbe fundi naye alikuwa amekwenda huko huko Bujumbura kwa mambo yake, akakwama kwa kukosa petroli ya kurudia.

Ndipo akaja Mzee Ramazani, kaka wa marehemu. Huyu hukalia kiti kabla hajakaribishwa.

"Mwajuma, hii gari imekufa. Iko inakula nafasi bure mu lupango, hapo uani. Ijumaa nakuja na mutu wa kununua vyuma chakavu."

"Pampu iko hapo juu, shemeji. Tunangoja fundi tu."

"Mutangoja mpaka vyuma vioze! Mwanamuke na gari, wapi na wapi? Sikiliza: Ijumaa ikiwaka, nitanyamaza. Isipowaka, inakwenda." Halafu akanigeukia mimi niliyeshika sinia la chai. "Na huyu mutoto wa Kigoma si atarudi kwao? Gari haiko, atakusaidia nini? Hata kusema hajui."

Nilimwona Shangazi akilitazama gari kupitia mlangoni, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa.

Mama, mimi sitaki kurudi kushonea watu vitambaa kwa sababu mzee mmoja amekunywa chai yetu akaamua. Na kazi ile naijua. Unajua nimeijulia wapi. Tangu nikiwa mdogo Baba ananiita chini ya magari: "Zaituni, shika tochi. Spana usiguse, spana si ya msichana." Nilishika tochi miaka yote hiyo. Lakini tochi haimmulikii Baba peke yake.

Basi Alhamisi, Shangazi alipokwenda sokoni, nilifunga geti. Jiko nililimwagia maji mpaka mkaa wote ukazimika, ndiyo maana siku ile tulikula mkate na chai baridi. Nikafungua milango yote ya gari, nikatoa waya wa betri, nikainua kiti cha nyuma. Chini yake kuna kifuniko cha bati. Niliogopa skrubu zitakuwa na kutu, lakini mawese yamevujia pale miaka na miaka, na zilitoka kirahisi kabisa. Nilicheka peke yangu.

Sikucheka muda mrefu. Pampu inashikiliwa na pete kubwa ya plastiki, na ile pete iligoma. Nyundo ilikuwepo. Nikakumbuka Baba alivyomfokea msaidizi wake: chuma kwa chuma hutoa cheche, na hapo ni mdomoni mwa tangi. Nikaingia jikoni nikachukua mwiko wa ugali. Nikaegemeza ncha yake kwenye meno ya pete, nikawa naugonga kwa mchi wa kinu, taratibu, nikizunguka. Ikalegea.

Ile pampu ya zamani ilinuka kuungua, na ndani ya tangi kulikuwa na petroli ya kulowesha kitambaa tu. Hapo nikajua nani ameiua. Hapa petroli, wao wanaita esansi, ni ya kusaka, na watu wanaogopa kunyonyewa usiku. Kwa hiyo kila mtu huificha ndani kwenye dumu na kutia tangini ya kumfikisha aendako. Lakini pampu hupozwa na mafuta yale yale inayoyavuta. Ukiifanyisha kazi kwenye tangi kavu, inajipika.

Nikabadilisha, nikaweka mpira mpya wa kuzuia petroli isivuje, nikaikaza pete kwa mwiko ule ule. Kisha nikachukua dumu lililoko chini ya kitanda cha Shangazi, la mwisho, nikalimimina lote tangini. Niliporudisha betri na kuzungusha ufunguo kidogo, kimya. Nilikuwa nimesahau plagi ya waya wa pampu. Nikaichomeka, nikajaribu tena, nikasikia mvumo mfupi chini ya kiti. Sikuthubutu kuwasha injini, majirani wangesikia.

Ijumaa baada ya swala Mzee Ramazani akaja na mtu wake wa vyuma.

"Washa basi, tumalize," akasema.

Shangazi alikuwa anataka kumpa Mzee ufunguo. Mama, sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema mbele ya wanaume wale wawili, "Shangazi, washa wewe. Gari ni lako."

Akawasha. Likawaka mara moja, kuku wakakimbia.

Mtu wa vyuma alicheka mpaka akashika tumbo. "Mzee, umeniita kwa maiti, maiti iko inaimba!" Mzee Ramazani aliuliza nani ametengeneza, lakini Shangazi alikuwa tayari anamshukuru Mungu kwa sauti, na fundi pia, akidhani alipita Alhamisi yeye akiwa sokoni. Mimi nikamwambia Mzee kwamba leo chai hakuna.

Jana ndipo fundi akarudi kweli kutoka Bujumbura, akapita kwetu. Shangazi akampokea kwa "murakoze" nyingi, ndiyo asante ya Kirundi, na sambusa. Mwenyewe alishangaa kidogo, akazila. Mimi nikamwongezea sukari kwenye chai.

Lakini jioni Shangazi alichukua mwiko asonge ugali. Akauona umemeguka ncha. Akaunusa. Akaninusa na mimi, mikono. Nikasema tu, kama napita, kwamba tangi kavu ndilo linaloua pampu. Leo amerudi kutoka sokoni na mwiko mpya, na ule wa zamani amenipa akisema, "Huu kauweke mu gari." Kisha akaenda kununua kufuli ya tangi, petroli ikae humo bila kunyonywa. Dumu chini ya kitanda halipo tena.

Msalimie Bibi na mgongo wake, mdogo wangu wa darasa la tano, na jirani yetu muuza maandazi. Na Baba.

Ila Baba usimwambie, Mama. Barua hii ichome au ishonee kwenye mto, lakini asiisome. Simwogopi. Nataka siku nikija kuwatembelea nimkute chini ya gari la mtu, nimwambie mwenyewe, na yeye ndiye awe ameshika tochi.

Mwanao,
Zaituni