Mke Mwenzangu Kashuka Daraja

Jumapili

Hata chai hakuinywa. Timu yake imeshuka daraja leo, na Salim karudi kutoka uwanjani akakaa na koti lake mwilini.

Miaka yote hapa ughaibuni, Barking, timu hiyo nimeiita mke mwenzangu. Kila Jumamosi zamu yake, na mimi nanuna. Alipoanza kuipenda ilikuwa inabeba vikombe. Nilidhani siku ikianguka nitapiga vigelegele.

"Mama Asha," akasema, "sijui kama nitajaaliwa kuiona ikipanda tena."

Ni huo moyo wake mgonjwa unaomsemesha hivyo. Hata mimi unanikosesha usingizi, na daktari naye...

Nimeifua skafu yake ya timu kwa mkono, nikaianika kwenye hita. Kisha nikamwambia, "Msimu ujao kata tiketi mbili. Mke mwenzangu tutamuuguza pamoja."